Majira na Miezi katika Majina ya Watoto Wetu

Utangulizi

Mtoto anapozaliwa, maswali mawili huulizwa kabla ya mengine: je, ni wa kike au wa kiume, na ataitwa nani? Swali la kwanza hujibiwa na maumbile. Swali la pili hujibiwa na jamii, na jibu lake hutuonyesha jamii hiyo inatazama wapi. Wako wanaotazama nyuma, wakampa mtoto jina la babu au bibi aliyekwisha kufariki. Wako wanaotazama juu, wakamtafutia jina katika vitabu vya dini. Na wako wanaotazama nje ya mlango: mvua inanyesha, au jua linawaka, watu wako shambani wanapalilia, au wako nyumbani na ghala ni tupu, mwezi wa mfungo umeandama, au mwaka umegeuka. Kisha mtoto huitwa kwa lile walilolikuta. Makala hii inawahusu hawa wa mwisho.

Baadhi ya wenzetu huiona desturi ya kuwaita watoto kwa majira na miezi kuwa ni ushamba. Husema kuwa iliwafaa watu wasiokuwa na karatasi ya kuandikia tarehe, na kwamba sasa imepitwa na wakati. Wengine, ambao nia yao ni njema zaidi lakini hoja yao si imara zaidi, huigawa desturi hii mafungu mawili: Mabula na Mwamvua, wasema, ni utamaduni wetu, Ramadhani na Januari ni vitu vya kuletwa. Nakusudia kuonyesha kwamba makundi yote mawili yanakosea, na kwamba kosa lao ni moja. Yote huuliza jina limetoka wapi au limezeeka kiasi gani. Hayaulizi jina linafanya kazi gani. Tukilipima jina la msimu kwa kazi yake tutaona kuwa ni kauli ya jamii kuhusu hali waliyoishiriki watu wote siku mtoto alipokuja duniani. Kauli hiyo huwa hai maadamu yuko mtu wa kuieleza. Mtu huyo akikosekana, jina hubaki sauti tupu, liwe la asili au la kigeni.

Mwaka wa mkulima

Tuanze na jirani zetu Wabukusu wa magharibi ya Kenya, kwa kuwa kwao mpango wa majina haya uko wazi sana. Mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wafula, na msichana Nafula. Wakati wa palizi huzaliwa Wanyonyi. Wakati wa njaa huzaliwa Wanjala na Nanjala. Wakati wa mavuno huzaliwa Wekesa na Nekesa. Kiangazi kikiingia, huzaliwa Simiyu na Nasimiyu. Mtu akiyapanga majina haya kwa mfuatano wake atakuwa na mwaka mzima wa mkulima mbele yake, umeandikwa si katika karatasi bali katika watu wanaotembea, wanaooana na kuzikana.

Wajaluo nao, ambao wako Kenya na pia katika mkoa wa Mara hapa Tanzania, wana mpango unaofanana na huo ingawa lugha yao si ya Kibantu. Okoth na Akoth ni wa mvua, Odoyo na Adoyo ni wa palizi, Okeyo na Akeyo ni wa mavuno. Kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa desturi hii ni mali ya ukoo mmoja wa lugha. Imefuata jembe, haikufuata sarufi.

Yafaa tuangalie mahali njaa ilipokaa katika mfuatano huo. Mgeni angedhani kuwa majira ya njaa ni kiangazi, wakati ardhi ni kavu na majani yamekauka. Mkulima anajua kuwa sivyo. Njaa kali huja shamba likiwa kijani kibichi, kwa maana akiba ya mwaka uliopita imekwisha na mazao mapya hayajakomaa. Watu hupalilia na tumbo tupu, huku wakikitazama chakula ambacho bado hakijawa chakula. Jina Wanjala, likiwekwa baada ya Wanyonyi na kabla ya Wekesa, lamfundisha msikilizaji jambo hilo kwa neno moja.

Jambo la pili la kuzingatia ni kuwa majina haya hayataji hali ya hewa peke yake. Mvua na kiangazi viko angani, lakini palizi na mavuno viko mikononi mwa watu. Mwanamke anayejifungua wakati wa palizi ameondoka shambani siku ambazo kila mkono ulihitajika. Ikiwa shamba lake halikumezwa na magugu, basi yuko jirani, mke mwenza au wifi aliyeimaliza kazi yake. Jina la mtoto ni kumbukumbu ya kazi hiyo ya pamoja. Tumezoea kuutafuta ujamaa wa asili katika methali na katika ngoma. Hatuna budi kuutafuta pia katika orodha ya majina ya darasa.

Tukirudi Tanzania tunakuta majina ya namna hiyo kila upande. Kwa Wasukuma, mbula ni mvua, na kutokana nayo yapo majina Mabula kwa mwanamume na Kabula kwa mwanamke. Kwa Wagogo, kutonya ni kunyesha, na Matonya ni jina la mvua. Pwani yuko Mwamvua, na kando yake yuko Mwamvita, aliyezaliwa wakati wa vita. Majina ya mvua yana maana moja katika kamusi, lakini hayana uzito mmoja katika nchi. Dodoma hupata wastani wa mvua wa takriban milimita 570 kwa mwaka, na mvua yenyewe huja kwa msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Huko, kumwita mtoto kwa jina la mvua si kutaja mawingu. Ni kutoa shukrani. Ni nchi iliyopata njaa ya Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, wakati ukame ulipowakuta watu ambao vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha kuwanyang'anya nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Njaa yenyewe ilipewa jina kama mtu apewavyo jina. Basi watu wanaozipa jina njaa zao, hapana ajabu wakiwapa watoto wao jina la mvua.

Hapa tunaona pia mpaka wa majina ya msimu. Vuli ni neno lenye uzito Tanga na Kilimanjaro, ambako mvua huja mara mbili kwa mwaka. Kwa mkulima wa Dodoma ni neno la kusoma tu. Jina la msimu husemwa na nchi moja na kusikika vizuri na watu wa nchi ileile. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hapohapo ndipo udhaifu wake ulipo. Zaidi ya hayo, sikio pekee si mwalimu wa kutegemewa. Mtu wa pwani akikutana na mwanamke aitwaye Masika kutoka kwa Wanande wa mashariki ya Kongo, atadhani mara moja kuwa alizaliwa wakati wa mvua kubwa. Kumbe kwa Wanande jina hilo hutaja nafasi ya mtoto wa kike katika mfuatano wa kuzaliwa. Anayetaka kuyahakiki majina yampasa aulize kwanza kabla ya kufasiri.

Miezi ya mwandamo

Sasa tuitazame miezi. Watu wa pwani, ambao walipata kalenda ya Kiislamu karne nyingi zilizopita, hawakuipokea kama mtu apokeavyo mzigo uliofungwa. Waliufungua na kuupanga upya. Mwezi wa kwanza katika hesabu ya Hijiria ni Muharamu. Mswahili, hata hivyo, alianza kuhesabu baada ya saumu: mwezi unaofuata Ramadhani aliuita Mfunguo Mosi, yaani mwezi wa kwanza tangu kufungua. Akaendelea na Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, hata akafika Mfunguo Tisa. Miezi mitatu tu ndiyo iliyobaki na majina yake: Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Hii ni kalenda ya jamii inayoihesabu safari yake kutoka karamu moja hadi saumu nyingine.

Mpango huo umeacha alama katika majina ya watoto. Miezi mitatu iliyobaki na majina ndiyo iliyotupa akina Rajabu, Shaabani na Ramadhani, majina yanayosikika kutoka Ujiji hadi Unguja. Ile tisa iliyohesabiwa kwa tarakimu haikufaa kuitia watoto. Mzazi hamwiti mwanawe Mfunguo Saba. Badala ya mwezi, jamii iliitazama siku kuu iliyo ndani ya mwezi. Mfunguo Mosi huanza kwa Idi, na kutokana nayo wako Idi na Mwanaidi. Mfunguo Tatu ni mwezi wa hija, na kutokana nao wako Haji na Arafa. Katika Mfunguo Sita husomwa maulidi ya Mtume, na kutokana nayo yuko Maulidi. Kwa hiyo hata pale ambapo mwezi haukuwa na jina la kumpa mtoto, jamii ilipata la kumpa, nalo lilikuwa jina la jambo ambalo watu walilifanya pamoja. Kanuni ni ileile ya Wekesa na Nekesa, ila hapa palipovunwa nafaka pamefanywa ibada.

Wanaosema kuwa Ramadhani ni jina la kuletwa na kwa hiyo si utamaduni wetu, na wajibu swali moja: ni kitu gani kilichokosekana? Jamii nzima hufunga pamoja, hufuturu pamoja, hupikiana na kupelekeana vyakula, na mtoto anayezaliwa katika siku hizo hupokewa na watu walio macho hata usiku wa manane kwa ajili ya daku. Neno limetoka ng'ambo. Hali inayotajwa ni ya hapahapa. Na kwa sababu hali hiyo haitegemei mvua, jina hili limepita mipaka ambayo Vuli haikuweza kuipita.

Hata hivyo uko upungufu ambao haifai kuuficha. Mwezi wa mwandamo haukai mahali pamoja katika mwaka wa jua. Kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja, na huuzunguka mwaka mzima kwa muda wa miaka 33 hivi. Ramadhani aliyezaliwa Julai 1980 alizaliwa katika baridi ya kipupwe. Ramadhani aliyezaliwa Januari 1998 alizaliwa katika siku za mvua kubwa za El Niño, zilizokata barabara na kuzamisha mashamba. Majina yao ni mamoja, lakini nchi waliyoikuta si moja. Jina la mwezi wa mwandamo latueleza watu walikuwa wakifanya nini mbele ya Mungu wao. Halitwelezi ardhi ilikuwa katika hali gani.

Wazee wa pwani waliutambua upungufu huo, kwani kando ya mwaka wa mwandamo walikuwa na mwaka mwingine wa jua wenye siku 365, uliohesabiwa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi pamoja na siku tano za ziada. Huo ndio mwaka wa wakulima na wavuvi, na mwanzo wake ni siku ya Nairuzi, ambayo hadi leo watu wa Makunduchi huiadhimisha mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Katika visiwa hivyo huzaliwa wasichana waitwao Mwaka. Basi mji mmoja waweza kuwa na Ramadhani na Mwaka, watoto wa kalenda mbili, wakicheza katika ua mmoja. Hapana kalenda iliyoifukuza nyenzake. Kila moja ilipewa kazi yake.

Jina si hati ya kuzaliwa

Iko tahadhari nyingine ambayo mhakiki hawezi kuipuuza. Mwandishi mkubwa wa lugha yetu, Shaaban Robert, alikuwa na jina la mwezi. Tarehe ya kuzaliwa kwake iliyozoeleka ni 1 Januari 1909. Tukiigeuza tarehe hiyo kwa hesabu ya Hijiria tunapata mwezi wa Dhulhija wa mwaka 1326, yaani Mfunguo Tatu. Shaabani ya mwaka huo ilikuwa imekwisha miezi mitatu kabla. Kwa hiyo ama tarehe ni ya makisio, ama jina halikutolewa na mwezi wa kuzaliwa. Hatuna haja ya kuamua. Mfano huu watosha kutukumbusha kuwa jina la msimu likisha kuingia katika ukoo huanza safari yake lenyewe. Wafula aliyepewa jina la babu yake aweza kuzaliwa katikati ya kiangazi. Vivyo hivyo, mtoto Mkristo aitwaye Januari huenda hakuitwa kwa mwezi bali kwa Mtakatifu Januari, ambaye sikukuu yake ni tarehe 19 Septemba.

Wapinzani wa desturi hii huishika hoja hiyo na kusema: tazameni, hata kama kumbukumbu majina haya hayafai, kwa kuwa hudanganya. Lakini hoja yao ingekuwa na nguvu kama jina lingekuwa cheti. Jina si cheti. Wafula wa pili, aliyezaliwa katika jua, anabeba mvua ya babu yake. Mvua hiyo ilinyesha kweli, na kuna watu walioota joto la moto katika nyumba ile wakimsubiri mtoto. Jambo linalotakiwa ni kwamba mjukuu aelezwe ni mvua ya nani aliyoirithi.

Mwezi wenye jina la mtu

Tukifika katika kalenda ya Kizungu, ambayo ndiyo ya ofisi na shule zetu, tunakuta mambo yamegeuzwa. Mwaka 44 kabla ya Kristo Warumi waliuondolea mwezi mmoja jina lake la kale wakaupa jina la Julius Caesar, ndio Julai. Mwaka 8 kabla ya Kristo mwezi uliofuata ukapewa jina la Augusto, ndio Agosti. Miezi mingine ilibaki na hesabu iliyokwisha kuharibika: Desemba maana yake ni mwezi wa kumi, nao ni wa kumi na mbili. Katika hili Mfunguo Tatu wa Mswahili una ukweli zaidi, kwa kuwa ni wa tatu kweli. Lakini tofauti kubwa iko katika Julai na Agosti. Warumi waliupa mwezi jina la mtu mkubwa. Sisi humpa mtu mdogo jina la mwezi. Kule mtawala aliwekwa juu ya mwaka. Huku mtoto huwekwa ndani ya mwaka, mahali pake kati ya mvua na mavuno.

Njia hizi mbili zilikutana katika jina la mtu mmoja tunayemfahamu sote. Baba wa Taifa alizaliwa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mwezi wa Aprili 1922, wakati wa masika. Aliitwa Kambarage, jina lenye asili katika imani za Wazanaki, ambalo ni la pepo wa mvua. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, Mtemi Burito, na maana yake ni viwavi, kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi. Na mwezi wa Desemba 1943, alipobatizwa, alichagua jina Julius, jina lilelile ambalo Warumi waliupa mwezi wa Julai.

Tuyasome majina hayo kwa utaratibu. Kambarage ni mvua, neema ya mkulima. Nyerere ni viwavi, adui wa mkulima. Baba alipewa jina la msiba wa shamba na mwana akapewa jina la baraka yake, na majina yote mawili yakakaa pamoja kwa mtu mmoja bila ya kugombana. Hakuna aliyemwambia mtemi kuwa jina la viwavi lingemletea laana. Wala mwanawe hakulitupa alipokwenda Tabora, Makerere na Edinburgh. Julius nalo halikuyafuta majina hayo mawili; lilitangulia mbele yake tu, na mwenyewe akatia sahihi kwa yote matatu. Mwaka 1962, ilipoanzishwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, wengi waliuliza utamaduni wa taifa ni nini hasa na utapatikana wapi. Sehemu ya jibu ilikuwa katika jina la Rais mwenyewe: mvua ya Butiama, viwavi wa Butiama, na ubatizo, vyote vimepangwa kwa zamu na kila kimoja kimepewa nafasi.

Majina ya njaa

Sitaki kuipamba desturi hii kupita kiasi. Wahenga walisema kuwa hapana masika yasiyo na mbu, na majina ya msimu nayo yana mbu wake. Mtoto aliyeitwa kwa njaa hukua akiitwa njaa siku zote, hata ghala likijaa. Pwani na bara tuna pia Shida, Tabu na Mashaka. Wako wanaosema kuwa majina ya namna hii humfunga mtoto na balaa, na kwamba yafaa yabadilishwe yote.

Hapa yapasa kutofautisha. Waandishi wetu wametuzoesha majina yanayotaja tabia. Katika Kusadikika, kitabu kilichotolewa mwaka 1951, Shaaban Robert alimwita mshitaki Majivuno na mshitakiwa Karama, na msomaji anawajua watu hao kabla hawajafungua kinywa. Jina la tabia humhukumu mtu kabla hajatenda. Jina la msimu halimhukumu. Lasema tu kuwa siku alipokuja sisi tulikuwa katika hali hii. Wanjala hasemwi kuwa ni mlafi wala mkata. Lasemwa kuwa watu walikuwa na njaa, na hata hivyo mtoto alipokewa, akanyonyeshwa, akaishi. Hiyo si laana. Ni ushahidi wa ushindi. Mhakiki mashuhuri wa fasihi nchini Kenya, Chris Wanjala, aliyefariki mwaka 2018, alilibeba jina hilo hadi Chuo Kikuu cha Nairobi, na kitabu chake kimoja, kilichotoka mwaka 1978, alikipa jina la Kiingereza lenye maana ya Msimu wa Mavuno. Anayeijua kalenda ya Wabukusu ataona kuwa jina la mtu na jina la kitabu vimefuatana kama majira yenyewe yanavyofuatana.

Majina kama Shida na Mashaka ni jambo jingine. Mara nyingi hutaja dhiki ya mama peke yake: ndoa iliyovunjika, ugomvi na wakwe, uchungu uliokaribia kumwua. Hali hiyo haikushirikiwa na kijiji, na mtoto hana wa kumgawia mzigo huo. Mzazi anayetaka kulibadilisha jina la namna hiyo ana haki. Kosa ni kuyaweka majina yote ya dhiki katika kapu moja na kuyatupa.

Nalijua kosa hilo kwa karibu. Katika darasa nililosomea alikuwako msichana ambaye jina lake la nyumbani lilitaja njaa ya mwaka aliozaliwa. Siku ya kuandikishwa shule mwalimu alicheka, akamwandikia jina jingine, la kupendeza, akidhani amemtendea wema. Baba yake hakupinga. Tulipokuwa watu wazima alinieleza kuwa alikwenda kwao kumwuliza bibi yake ilikuwa njaa ipi ile, walikula nini, na nani aliwasaidia. Alimkuta bibi amekwisha kufariki, na wengine waliobaki walikumbuka jina tu, hawakukumbuka habari yake. Jina la kitabuni alikuwa nalo bado. Kilichopotea ni habari ya watu waliomwokoa.

Wajibu wetu

Siku hizi kadi ya kliniki huandika siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa huthibitisha. Je, jina la msimu limebaki na kazi gani? Limebaki na ile ambayo kadi haiwezi kuifanya. Kadi yasema mtoto alizaliwa tarehe fulani. Haisemi mvua ilikuwa imechelewa, au mahindi yalikuwa yakianikwa uani, au mji mzima ulikuwa ukisubiri mwezi uandame. Na sasa, wakati wakulima wengi wanalalamika kuwa vuli haiaminiki tena na masika hayaji kwa siku zake, majina haya yana kazi ya ziada. Yanatushuhudia kuwa palikuwa na majira yenye mpango, ambayo watu waliyategemea kiasi cha kuwapa watoto wao.

Sipendekezi kuwa wazazi walazimishwe kurudia majina ya zamani. Jina la kulazimishwa ni kasumba pia, hata likiwa la Kibantu. Mzazi wa Dar es Salaam asiye na shamba akimwita mwanawe Wekesa kwa sababu ya mlio wake, hajaufufua utamaduni, amenunua pambo. Na mzazi wa mji huohuo akimwita mwanawe Ramadhani, kisha akamweleza ni nani waliokuwa wakifuturu pamoja usiku ule na nani aliyekimbia kutafuta mkunga, ameutimiza utamaduni barabara.

Ninachopendekeza ni kazi ambayo haihitaji fedha nyingi. Walimu wa Kiswahili na wa historia wawape wanafunzi zoezi la kwenda nyumbani kuuliza habari za majina yao: nani aliyetoa jina, kulikuwa na hali gani, na watu walikuwa wakifanya kazi gani siku hizo. Majibu yaandikwe kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili. Maafisa utamaduni wa wilaya wayakusanye na kuyahifadhi, kwa utaratibu wa majira ya kila wilaya, maana majira ya Dodoma si ya Tanga. Na mwalimu anayeandikisha wanafunzi ajue kuwa jina asilolielewa si la kuchekwa wala kusahihishwa. Ni la kuulizwa.

Tulianza kwa kusema kuwa makundi yote mawili, la wanaoidharau desturi hii na la wanaoitetea kwa ubaguzi, huuliza swali lisilofaa. Swali linalofaa ni hili: mtoto huyu akiuliza, yuko nani wa kumjibu? Akiwapo wa kumjibu, basi Mabula, Nafula, Shaabani, Mwaka na hata Januari yote ni majina yetu. Asipokuwapo, hapana hata moja kati yake lililo letu, na tutakuwa tumewapa watoto majina ya mvua isiyomnyeshea mtu.